KUMI WAMELAANIWA, SISI TUNAMUONA MMOJA TU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu Waislamu wa Sumbawanga, na nyinyi wa Laela, Matai, Namanyere, Kirando na Kasanga mnaonifuatilia, na watoto wetu mlioko Dar es Salaam, Tunduma na ng'ambo. Kwa wiki kadhaa mmenitumia ujumbe: "Shehe, zungumzia kokeini na madawa haya, vijana wanaisha." Nimechelewa kujibu, na kuchelewa kwenyewe kuna sababu. Somo hili siwezi kulisomesha bila kuanza na jambo nililolifanya kwa ulimi wangu mwenyewe. Basi mniwie radhi, leo darsa ni refu. Someni mpaka mwisho.

Miaka michache nyuma nilikuwa mjumbe wa kamati ya msikiti mmoja hapa mjini. Sitautaja. Ndala za waumini zikaanza kupotea mlangoni. Baadaye ikapotea betri ya sola, kisha kipaza sauti. Mshukiwa alikuwa mmoja: kijana ambaye sisi wenyewe tulimsomesha Juzuu Amma akiwa na miaka minane, mwenye sauti nzuri kuliko wenzake wote wa madrasa. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akarudi mifupa mitupu. Mchana wa jua kali amevaa sweta mikono mirefu. Hutuba inasomwa, yeye anasinzia kidevu kimegusa kifua, akishtuka anajikuna. Kila mtu alijua, ila hakuna aliyemuuliza.

Tukakaa kikao baada ya Isha. Hakikuchukua hata robo saa. Tukamwita, akasimama pale penye viatu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwambia. Nilimwambia: "Msikiti huu si maskani ya mateja. Usionekane hapa tena." Wazee wakaitikia, "Naam, shehe." Nikaenda nyumbani nikala nikalala usingizi mzuri, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Mwezi uleule kamati ileile ikapokea zulia. Zulia zito, la kijani, la kuenea msikiti mzima, na nyinyi mnaoijua baridi ya hapa mwezi wa sita na wa saba mnajua zulia ni nini wakati wa Alfajiri. Aliyelitoa ni mtu mwenye pesa, na pesa zake zinatoka wapi kila mtu alijua: vilabu vya pombe alivyopangisha, na vyumba vya nyuma ambavyo vijana wanaingia wima na kutoka wameinama. Tulimkalisha safu ya mbele. Tukapiga naye picha. Dua niliisoma mimi, na niliirefusha.

Baada ya siku chache mama wa yule kijana akanisimamisha njiani, sokoni pale kwenye mahindi. Hakugombana. Akasema: "Shehe, mlipomfukuza pale, mlitaka aende wapi?" Nikamjibu kwa maneno mengi ya wizi na heshima ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Ahsante shehe," akajitwisha kapu lake akaondoka.

Swali lile sijapata kulijibu mpaka leo. Na nilipolirudia ndipo nikarudi kwenye hadithi ambayo nimeisomesha mara nyingi bila kuisoma.

Amepokea Imam Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi katika khamri. Wahesabuni pamoja nami: anayeikamua, anayekamuliwa, anayeinywa, anayeibeba, anayebebewa, anayeinywesha, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua, na anayenunuliwa. Kumi. Mnywaji ni mmoja kati ya kumi hao! Waliobaki ni mashamba, magari, maduka, nyumba za kupangisha na mifuko. Ni biashara nzima. Mtume (s.a.w.) aliiona biashara, sisi tunamuona mlevi tu aliyeanguka mtaroni.

Ndiyo maana darsa langu la leo si la kumtisha mvutaji. Mvutaji ametishwa vya kutosha. Nataka tuwatazame wale wengine tisa, na tujiangalie sisi tumekaa na nani.

Kwanza tunyooshe jina la kitu chenyewe, kwa sababu tunachanganya. Watu wetu wakisema "kokeini" wanamaanisha kila unga. Kokeini inatokana na mmea wa koka unaolimwa Amerika ya Kusini, katika nchi kama Kolombia, Peru na Bolivia. Inamwamsha mtu, inaukimbiza moyo na kupandisha shinikizo la damu, na kijana mzima wa miaka 25 anaweza kupata mshtuko wa moyo kama mzee. Inakuja Tanzania, ndiyo, lakini ni ghali, na teja wa kawaida haimudu. Unga uliowamaliza vijana wa Tanga, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam ni heroini, inayotengenezwa kwa utomvu wa mpopi kutoka nchi za upande wa Afghanistan na kuvushwa baharini kwa majahazi. Iliingia pwani yetu miaka ya 1980, watu wakaivuta kwa kuichanganya na bangi, na kufikia miaka ya 2000 wakawa wanajidunga. Heroini kazi yake ni kinyume: inalaza, inapunguza pumzi. Aliyezidisha hafi kwa kelele, anaacha tu kupumua, na waliomzunguka wanadhani amelala.

Na sisi wa Ufipa? Tusidanganyane. Kete za unga zimefika kwetu kwa wale waliotoka mijini na kwa njia ya Tunduma, lakini kinachotumaliza kwa wingi ni vitu tulivyovizoea hata hatuviiti dawa za kulevya: bangi, gongo, pombe ya ulezi inayoanza kunywewa saa nne asubuhi wakati majembe yamelala. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, tukashangilia, ila mikono iliyokuwa inafungua kiroba haikukaa bure. Ilihamia kwenye kitu kingine. Mama anayelala njaa na watoto kwa sababu debe la mahindi limegeuka gongo hana haja ya kujua kokeini inatoka nchi gani.

Hapa kuna hoja mbili ninazozisikia kila siku vijiweni, na zote mbili zina majibu ya miaka 1400.

Ya kwanza wanaileta wazee wetu: "Shehe, huku ni baridi, na kazi zetu ni ngumu. Mtu analima matuta kutwa nzima, akirudi asipopata cha kumpasha moto atakufa." Wallahi hoja hii nilidhani ni ya Wafipa peke yao, mpaka nilipoikuta katika Sunan Abi Dawud. Swahaba mmoja, Daylam al-Himyari (r.a.), mtu wa Yemen, alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba wao wako katika nchi ya baridi, wanafanya kazi nzito, na wanatengeneza kinywaji cha ngano kinachowapa nguvu za kazi na kuwasaidia na baridi ya nchi yao. Utadhani ametoka hapa hapa juu, kaja na jembe begani! Mtume (s.a.w.) hakubishana naye kuhusu baridi. Alimuuliza jambo moja: je, kinalevya? Akajibu ndiyo. Akaambiwa wajiepushe nacho. Daylam akasema watu hawatakiacha, na jibu halikulegea. Kwa hiyo mzee wangu, baridi ni kweli, jembe ni zito ni kweli, na chai ya tangawizi ipo.

Ya pili ni ya vijana wa bodaboda: "Bangi haikutajwa ndani ya Qur'an." Ni kweli, na gongo pia haikutajwa, wala heroini, wala mbolea ya kuvuta kwenye mfuko. Umar bin al-Khattab (r.a.) alisimama juu ya mimbari ya Madina akayataja matano waliyotengenezea khamri zama zao, zabibu, tende, ngano, shayiri na asali, kisha akaeleza kwamba khamri ni chochote kinachoifunika akili. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Na bangi si mpya kwa wanazuoni. Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, aliandika fatwa kali juu ya majani haya kwa sababu katika zama zake yalikuwa yameenea. Wanazuoni wengine walijadili kama yanalevya au yanaharibu akili tu, lakini hawakutofautiana kwamba ni haramu. Anayekwambia kuna shaka anatafuta kiberiti.

Kuhusu bangi niongeze neno kwa wazazi. Mtoto wa miaka 14 au 15 akiivuta mara kwa mara, ubongo wake bado unakua, na wapo ambao inawafungulia mlango wa wazimu: anasikia sauti, anaona watu wanamfuata, anamshuku mama yake kamtilia sumu. Hapo sisi tunafanya nini? Mji wetu huu, jina lake wenyewe wanalieleza kwamba maana yake ni "tupa uchawi". Lakini mtoto akianza kuongea peke yake tunasema karogwa, tunakamata mbuzi wawili tunakwenda kwa mganga. Muda wa kumuwahisha hospitali unapita. Ugonjwa wa akili una hospitali na una dawa, na Mirembe ya Dodoma ipo tangu enzi za Mwingereza. Mganga anakula mbuzi, mtoto anafungwa kamba kwenye nguzo.

Na gongo, mpishi wake hana kipimo. Mwezi Mei 2014 huko Kenya, Embu na maeneo mengine, makumi ya watu walikufa kwa mpigo kwa pombe iliyochanganyika na spiriti ya viwandani, na wengine waliponea wakiwa vipofu. Walikwenda kilabuni na macho yao.

Sasa turudi kwa wale tisa.

Mbebaji. Mwaka 2013 barua za wafungwa wa Kitanzania walioko magereza ya Hong Kong zilisambaa. Walikuwa wamemeza kete za unga tumboni au kuzificha kwenye mizigo, kwa ahadi ya dola chache, na walikamatwa uwanja wa ndege. Waliandika kuwaonya ndugu zao nyumbani: msidanganyike, msije. Aliyezikusanya barua zile na kuzisambaza ni padri Mkatoliki anayehudumia wafungwa kule, John Wotherspoon. Nalisema hili makusudi, sisi tunaoishi Rukwa kati ya majirani zetu Wakatoliki: padri alikwenda gerezani akakaa na watoto wetu, baadhi yao wana majina kama yetu, akasikiliza. Mimi wangu nilimfukuza kwenye ngazi ya msikiti. Mwenye kuona aibu na aone pamoja nami.

Na mzigo mkubwa hausafiri tumboni. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Soma tena: Iringa. Ile ni barabara kuu inayokuja Mbeya na Tunduma, na kutoka Tunduma lami inapanda mpaka mlangoni kwetu. Tuliiomba lami ile miaka mingi, na tumshukuru Mola kwa kuipata, maana mahindi yetu yanatoka. Lakini barabara haichagui mzigo. Dereva anayepewa "kifurushi cha mtu" bila kuuliza, kijana wa boda anayelipwa mara tatu ya nauli kupeleka bahasha ndogo usiku, hao ni wabebaji, na ndani ya ile hadithi wamesimama mstari mmoja na muuzaji. Kwa serikali pia: Sheria ya mwaka 2015 ya dawa za kulevya, baada ya kurekebishwa 2017, inaweza kumpeleka msafirishaji kifungo cha maisha.

Mkulima. Hapa nazungumza kwa upole kwa sababu najua maumivu. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kuuzwa nje ya nchi, bei ikaanguka, watu wakayatazama magunia yao yakiliwa na dumuzi. Mtu katika hali ile akiambiwa na mgeni, "Nipandie mistari michache ya ule mmea katikati ya mahindi yako, nitakulipa," anajaribiwa, na mtihani huo tusiuchekee. Ila ndugu yangu mkulima, yule mgeni akija kuvuna hutamuona polisi wakija. Kwa kulima bangi unaweza kupewa miaka 30, na miaka 30 huko mwanao atakuwa na wajukuu. Na mbele ya Mwenyezi Mungu wewe ndiye wa kwanza katika ile orodha, kabla hata ya mnywaji.

Mwenye nyumba anayepokea kodi na kusema "mimi sijui wanachofanya humo ndani", huyo ni mlaji wa thamani. Sheria inamhesabu, na hadithi inamhesabu.

Na kamati ya msikiti? Sisi tulipotandika lile zulia tulikuwa nani katika kumi? Wanazuoni wana maelezo marefu kuhusu mali ya haramu inapotolewa kwa manufaa ya watu, na wapo wanaosema itumike kwa jamii kuliko kubaki kwa mwenyewe. Sitawahukumu waliosali juu yake, swala zao zimo mikononi mwa Mola wao. Ninachosema ni kuhusu safu ya mbele, picha, na dua ndefu. Muislamu aliyeiona siku ile alifundishwa na sisi kwamba ukiuza sumu na ukatoa sadaka, wewe ni mheshimiwa, na ukinunua sumu ileile, wewe ni teja, toka. Hutuba elfu moja hazifuti somo hilo.

Mtasema, "Shehe, kwa hiyo unamtetea mvutaji?" Hapana. Anayelewa anatenda dhambi, na aliyeiba kipaza sauti ameiba. Lakini tazameni Mtume (s.a.w.) alivyoishi na mlevi. Bukhari amepokea habari za mtu mmoja wa Madina jina lake Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume. Alikuwa anakunywa, analetwa, anaadhibiwa. Anarudia, analetwa tena. Siku moja mmoja wa waliokuwepo akamlaani kwa jinsi alivyoletwa mara nyingi. Mtume (s.a.w.) akamkataza asimlaani, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Katika mapokezi mengine ya Abu Hurayra (r.a.) aliwakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilitekelezwa, sheria haikupindishwa, na mlango wa msikiti haukufungwa. Alirudia mara ngapi yule bwana? Hadithi inasema ni mara nyingi. Sisi wetu tulimpa robo saa.

Kumbukeni pia khamri yenyewe haikuharamishwa kwa siku moja. Ilianza aya ya Suratul Baqara, 219, ikaonyesha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko nafuu yake. Ikaja Suratun Nisaa, 43, wasiikaribie swala wakiwa wamelewa. Mwisho ikaja Suratul Maida, 90 na 91, ikafunga mlango, na vichochoro vya Madina vikatiririka khamri iliyomwagwa. Aliyewaumba anajua jinsi nafsi inavyoshikwa, akawapandisha ngazi kwa ngazi. Na ile ilikuwa khamri ya tende. Heroini ni kamba nyingine kabisa. Mtu akiikosa kwa saa chache tu anapatwa na arosto: mwili unauma mpaka mifupa, jasho na baridi kwa pamoja, kuharisha, kutapika. Akiiba wakati huo haibi ili astarehe, anaiba ili mwili unyamaze.

Niliwahi kusoma jambo lililonitoa machozi. Mwaka 2005 watafiti waliandika juu ya wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijidunga. Mmoja akipata kete, mwenzake akiwa hana na arosto imemkamata, yule mwenye kete akijidunga huvuta damu yake mwenyewe kwenye sindano na kumpa mwenzake ajidunge, wakiamini damu ile imebeba kidogo cha unga. Ni hatari kubwa, ni njia fupi kabisa ya kupeana virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Lakini mtazame nia! Watu tunaowaita takataka walikuwa wakimgawia mwenzao damu ili asiteseke. Na sisi wenye udhu tulishindwa kumgawia kijana wetu dakika ishirini za kumuuliza, "Mwanangu, umepatwa na nini?"

Sasa nizungumze la kufanya, kwa sababu dawa ipo na wengi hapa hawaijui. Kwa walioshikwa na heroini kuna tiba ya methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya muuguzi. Inazuia arosto, mtu anaweza kufanya kazi na kulala nyumbani kwake. Hospitali za serikali zinaitoa bure. Muhimbili ilianza 2011, na kwa upande wetu huu ipo Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Wapo wanaosema ni kuhama kutoka ulevi mmoja kwenda mwingine. Mimi naiona kama dawa ya mgonjwa inayotolewa kwa kipimo cha tabibu, na aliyeulizwa na mama analia usiku ajibu kwanza kabla hajatoa fatwa.

Tatizo ni hilo neno "kila siku". Kutoka Sumbawanga mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Hakuna anayeweza kwenda na kurudi kila siku. Kijana wetu anahitaji chumba Mbeya, chakula, na mtu wa kumsimamia miezi ya mwanzo. Hapo ndipo msikiti unapohitajika, hapo ndipo zaka na sadaka zina kazi, kwa sababu huyu ni maskini na mgonjwa na msafiri kwa pamoja.

Tena muogopeni hili: familia inamfungia mtoto chumbani mwezi mzima, unga unatoka mwilini, wanamwachia wakidhani amepona. Mwili umeshasahau kile kipimo cha zamani, yeye anarudi kwenye kipimo kilekile, na anakufa siku hiyohiyo. Msimfungie, mpelekeni. Na mwenye taarifa za wauzaji, Mamlaka ina namba ya bure, 119.

Ibn Kathir katika tafsiri ya Suratu Ghafir anasimulia kwamba Umar (r.a.) alikuwa na mtu wa Sham aliyezoea kumtembelea. Akaacha kuja. Umar akamuulizia, akaambiwa ameingia kwenye ulevi. Hakusema "tumempoteza". Alimwita mwandishi wake, akamwandikia barua ya aya za mwanzo za sura hiyo, zinazomtaja Mwenye kusamehe dhambi, Mwenye kupokea toba, Mkali wa kuadhibu. Kisha akawaomba waliokuwepo wamuombee ndugu yao. Yule mtu alikuwa akiisoma barua na kuirudia, akilia, mpaka akaacha. Mimi kinachonishika ni pale mwanzo: Umar alimkosa, akamuulizia. Dola nzima iko mikononi mwake, akamkosa mtu mmoja.

Basi na mimi nilikwenda kumuulizia wangu. Nimechelewa miaka. Nilikwenda kwa mama yake, nikakaa kwenye kigoda, nikasema, "Mama, nimekuja kujibu lile swali lako." Akaniambia mtoto yuko Tunduma, anabeba mizigo ya watu mpakani, bado anatumia, ila yu hai, alhamdulillah. Akampigia simu mbele yangu. Yule kijana akaniamkia, "Shikamoo shehe," kama zamani, nikashindwa kuitikia vizuri. Nilimwomba radhi. Akanyamaza sana, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama kule Mbeya wanapokea hata mtu asiye na kitambulisho.

Nimeshaulizia, tutalimaliza. Chumba kimepatikana kwa ndugu mmoja Muislamu karibu na hospitali, kodi ya miezi mitatu ndiyo tunayoichanga, na waliopo Sumbawanga mnajua pa kuniona. Kikao cha kamati kuhusu lile zulia, na kuhusu nani anakaa safu ya mbele tukipokea sadaka, ni Jumapili baada ya Alasiri. Nimeomba kusema, na nimeomba mama yake awepo. Jumatatu asubuhi mimi na yeye tunapanda basi la kwenda Tunduma kumchukua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.